Mwandishi, Si Kila Furiko la Mwanza ni Tabianchi

Mvua ikipiga Mwanza na Mto Mirongo ukafurika, simu ya mhariri haichelewi: "Tuletee stori ya mabadiliko ya tabianchi." Kabla hujamtafuta mtaalamu, shuka mtoni utazame kilichoziba daraja. Utakuta chupa za plastiki, matairi, mchanga, pengine na nyumba iliyojengwa ndani ya zile mita 60 za ukingo ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazilinda. Nimekaa kwenye mikutano ambako kiongozi akishataja tabianchi, maswali yanakwisha. Anajua anachofanya: tabianchi haina ofisi wala msemaji wa kukanusha.

Sisemi ni uzushi. Mei 2020 Ziwa Victoria lilivunja rekodi yake ya kina cha maji ya miaka ya 1960, baada ya kupanda mita 1.2 hivi katika miezi sita. Watafiti waliopiga hesabu walikadiria kwamba joto la dunia lililosababishwa na binadamu liliongeza uwezekano wa kupanda kwa namna hiyo mara 1.8, lakini mchango wake katika kupanda huko ni kama sentimita 7. Andika namba zote mbili. Na ziwa lilipopungua sana mwaka 2006, ukame ulikuwepo, ila na maji yaliyofunguliwa kupita kiasi kwenye mabwawa ya umeme kule Jinja, Uganda, yalihusika.

Ukifika soko la samaki la Mwaloni Kirumba, usimuulize mama wa dagaa "tabianchi imekuathirije?" Atakujibu unachotaka kusikia, akuage kwa heshima. Mimi humsalimia, kisha nauliza mzigo wa mwisho ulikwendaje. Mmoja alinifungulia gunia: dagaa walionyeshewa wakiwa wameanikwa, wamegeuka kahawia, harufu imeshaharibika. Hao hawaendi tena sokoni, wananunuliwa na watengeneza chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Tuliongea hadi jua linazama, na mvua aliitaja kama hasara ya ada ya shule, basi.

Hiyo ndiyo habari. Kuiunganisha na tabianchi ni kazi nyingine: nenda Mamlaka ya Hali ya Hewa, uombe takwimu za mvua za miaka 30, maana wiki moja ya mvua haithibitishi kitu. Zikichelewa, chapa habari ya gunia kwanza. Mhariri akitaka kuchomeka tabianchi kwenye kichwa cha habari, bishana naye kabla gazeti halijaenda mtamboni.