Tagi ya Kwanza ya Elki? Ziweke Kando Hizo Inchi 350

Kijana mmoja wa Aurora, hapa Colorado, kaniandikia wiki iliyopita: "Shikamoo kaka. Nimeshapata tagi ya elki dume, msimu wa pili wa bunduki, naingia msituni mwenyewe bila kiongozi. Nataka dume wa sita kwa sita, inchi 350 kwenda juu. Chini ya hapo sipigi. Nipe mbinu."

Marahaba, mdogo wangu. (Kwa mgeni wa mambo haya: elki ni mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, tagi ni kibali cha kumwinda mmoja, sita kwa sita ni matawi sita kila pembe, na inchi 350 ni jumla ya vipimo vya pembe zake.) Mbinu nitakupa, ila tuanze na hiyo 350, maana nimeisikia kwa watu wengi mno, na karibu wote walirudi na friza tupu na kinyongo juu.

Daftari la rekodi za pembe Amerika ya Kaskazini linatunzwa na klabu ya Boone and Crockett, ambayo Theodore Roosevelt na wenzake waliianzisha mwaka 1887. Elki mwenye pembe za umbo la kawaida haingii humo mpaka afikishe alama 360, na alama ndizo hizo inchi. Kwa hiyo wewe, ambaye elki umemwona kupitia dirisha la gari pale Estes Park akitafuna nyasi kando ya barabara, umejipangia kulikosa daftari hilo kwa inchi kumi tu. Na usiamini kila namba unayoisikia kwenye video. Upimaji rasmi husubiri siku 60 pembe zikauke, kisha utepe unapita kwenye pembe kuu zote mbili, kila tawi, unene na upana wa ndani, na tofauti ya kushoto na kulia inakatwa. Yule jamaa anayepiga magoti kando ya mzoga na kutamka "mia tatu hamsini!" huku anahema, amekisia kwa macho.

Madume wa aina hiyo wapo, sikatai. Wapo kwenye ranchi za watu binafsi ambako unalipa maelfu ya dola kabla hujafunguliwa geti. Wapo pia kwenye vitalu vya kaskazini magharibi kama namba 2, 10 na 201, ambako tagi hutoka kwa pointi unazokusanya moja kwa mwaka, na zinatakiwa zaidi ya 20. Anza leo mwanao akiwa chekechea. Atamaliza chuo kabla hujaitwa. Tagi yako wewe ni ile ya kaunta, inayouzwa kuanzia Agosti kwa yeyote mwenye cheti cha mafunzo ya uwindaji na pesa ya kulipia. (Mwenye green card hana shida kushika bunduki kisheria. Mwenye viza ya muda ana masharti yake, asiguse hata ya kuazima kabla hajayasoma.)

Colorado ina elki zaidi ya 280,000, hakuna jimbo linaloifikia, na hapo ndipo watu wanapojidanganya. Wingi si ukubwa. Dume wa mwaka mmoja ana vijiti viwili tu kichwani. Akifika miaka miwili mitatu anaota matawi manne au matano membamba. Wamarekani wanamwita raghorn, na huyo ndiye utakayekutana naye. Pembe nzito zinataka miaka saba, minane na kuendelea, na kwenye ardhi ambayo kila mwenye tagi ya kaunta anaruhusiwa kuingia, wanaoishi kufikia umri huo ni wachache sana. Halafu msimu wako ni mwishoni mwa Oktoba. Kupandana kumeshapita. Wale wazee wamekonda kwa kupigana na kufukuza majike Septemba nzima, wamenyamaza, wamejitenga ndani ya misonobari minene kwenye miteremko ambayo hata kuitazama inachosha. Vijana ndio bado wanazurura karibu na majike. Niambie mwenyewe utampata nani.

Jimbo zima, mwaka hadi mwaka, anayerudi na elki ni takriban mmoja kati ya watano. Na hesabu hiyo imeshawajumlisha waliopiga jike, waliokodi viongozi na wenye ranchi zao.

Sasa dume wangu mwenyewe. Nilikuwa Flat Tops, ndani ya Msitu wa Taifa wa White River, juu ya mita 3,000. Siku za mwanzo nakurukia, hazina hadithi: baridi, kinyesi kilichokauka, na watu waliovaa rangi ya chungwa kama mimi kila nilipoinua darubini. Asubuhi yenyewe theluji nyepesi ilikuwa imeanguka usiku. Kundi la majike lilikatiza uwazi mdogo, na nyuma yao nikaona pembe. Sheria ya kule ni matawi manne upande mmoja, au tawi la chini, lile la juu ya jicho, liwe na inchi tano. Tawi lisilofika inchi moja halihesabiwi. Nikalala kifudifudi, begi chini ya bunduki, nikaanza upande wa kushoto: la jicho, la pili, la tatu, kisha sehemu ya juu ikapotelea nyuma ya msonobari. Akainamisha kichwa kula. Pumzi yangu ikatia ukungu kwenye kioo, nikafuta kwa kidole gumba, ukungu ukarudi. Alipoinua kichwa aligeuka kumwangalia jike, na la nne likaonekana peupe kabisa. Nikasema bismillahi (suala la halali nilishalimaliza na sheikh wangu kabla ya msimu, nawe kama linakuhusu limalize na wako), nikafyatua.

Nne kwa tano. Mwenye utepe wake angempa mia mbili kwa huruma.

Kambi ya jirani ilikuwa na kiongozi wa kukodi, farasi na hema lenye jiko la kuni. Waliondoka na pembe za kwao wenyewe, za kichwani, hakuna kingine. Nalisema kwa sababu nina haki ya kulisema.

Kwetu Tanzania mtalii wa uwindaji anaongozana na mwindaji bingwa, na nyuma yao kuna mfuata nyayo, mchunaji na wapagazi. Kenya ndiyo kabisa, uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977. Kwa hiyo wengi wetu hatuna mjomba wa kutufundisha mambo haya, na tunadhani kazi ni kulenga. Bila kiongozi, wewe ndiye mfuata nyayo, mchunaji na mpagazi. Paja moja la nyuma na mfupa wake linafika kilo 25, na huyo ni dume kijana. Sheria inakutaka utoe miguu yote minne, nyama ya mgongo na sarara, na uthibitisho wa jinsia ubaki umeshikana na nyama. Mzigo wa mwisho niliubeba gizani, natembea naimba taarabu kwa sauti mbovu ili dubu wajue kuna mtu.

Picha nikaiweka kwenye kundi letu la WhatsApp. Mwenzetu mmoja, Idi, mtu ambaye hajawahi kushika hata manati, akaandika: "Mbona beberu wa mjomba wangu kamzidi?" Watu wakamwaga vikatuni vya kucheka siku nzima. Iliniuma. Bado inaniuma, hasa kwa kuwa Idi alikuja kwangu, akala pilau ya nyama ileile, na sahani ya pili akaomba mwenyewe.

Basi nisikilizeni, na siongei na kijana wa Aurora peke yake. Hiyo 350 hukuipata msituni, umeipata kwenye simu. Umeazima tamaa ya mtu aliyelipa ranchi, ukaipeleka kwenye ardhi ya umma, kisha ukirudi mikono mitupu unasema Colorado haina elki. Kiwango chako kiandike kabla hujawasha gari: dume yeyote halali kisheria, tangu asubuhi ya kwanza. Usije ukamwacha siku ya ufunguzi dume ambaye siku ya mwisho ungempigia magoti. Watu wanaowaacha wadogo ni wale ambao friza zao zimeshajaa miaka na miaka, nao wamezoea kurudi bure bila kununa. Wewe bado.

Mbinu uliyoomba ni hii ya kuhesabu. Tafuta picha za madume wadogo, si wakubwa, ujipime kama unaweza kusema "halali" au "si halali" ndani ya sekunde chache. Ukiwa na shaka, usipige. Panda ngazi na begi zito, kila siku, mpaka majirani wakuulize. Kichwa kipeleke kipimwe ugonjwa sugu wa kudhoofisha, ambao umeenea kwa kulungu na elki wa jimbo hili; vitalu vingine kupima ni lazima. Na mwakani omba tagi ya jike: maombi hufungwa Jumanne ya kwanza ya Aprili. Jike ni mtamu kuliko dume, hana haja ya kuhesabiwa chochote kichwani, na atakufundisha kubeba.

Na akikutokea kweli yule wa sita kwa sita, usianze kupiga hesabu za inchi. Ukishaliona tawi la nne, mengine utayahesabu akiwa chini. Angalia tu asiwe ng'ambo ya korongo ambalo huwezi kulipanda na paja begani.