Huo si uvivu, dada yangu

Pole sana, dada. Unasema kaka yako alianguka na bodaboda miaka 2 iliyopita, akalala wiki 3 bila fahamu, na sasa anatembea vizuri ila anafoka, anasahau na kulala mchana kutwa, hadi ndugu wanamwita mvivu. Si uvivu huo. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo hutuzuia kufoka na kutusukuma tuanze kazi; ikiumia, tabia hubadilika hata mwili ukipona. Na uchovu wake ni wa kweli, msimgombeze.

Mdogo wangu alikuwa hivyohivyo. Tulifunga daftari kwa kamba kwenye kitasa cha mlango: dawa, kuoga, kwenda dukani, na kila kimoja anakitia alama mwenyewe. Wakati wa kula tulizima redio, maana kelele zilimvuruga mno.

Kifafa kinaweza kuanza hata miaka kadhaa baada ya jeraha. Kama ana dawa zake, asiziache ghafla, na pombe asiiguse kabisa. Akisema hataki kuishi, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Nawe dada, wekeni zamu na wenzako. Umechoka, nimeliona hilo katika maneno yako.