Kumrudishia mwili farasi mzee aliyetoka kuugua

Farasi mzee akipona, ushauri wa kwanza utakaousikia ni kumwongezea nafaka. Nakusihi usianzie hapo. Farasi wangu jike alikuwa amevuka miaka 20 alipopata homa ya mapafu, na ugonjwa ulipomwachia alibaki mbavu na uti wa mgongo. Kilichomrudisha ni nyasi nzuri na subira, ila kabla ya hivyo, meno.

Meno ya farasi huchomoza na kulika maisha yake yote, hadi uzeeni mengine yanaisha na mengine yanaota makali yanayochana mashavu. Chungulia chini ya hori. Ukikuta vibonge vya nyasi vilivyotafunwa nusu vikatemwa, au kinyesi chenye nyuzi ndefu, basi unamlisha lakini hali. Mwite daktari wa mifugo ayakague na kuyasawazisha, na kwa umri huu arudie kila miezi 6 hadi 12. Akiwa hapo, achukue kinyesi apime minyoo, na damu pia. Farasi wengi waliovuka miaka 15 huugua tezi iliyo chini ya ubongo: manyoya yanakuwa marefu na hayapukutiki, misuli ya mgongo inayeyuka. Mgonjwa wa aina hii akipewa wanga mwingi anaweza kupata uvimbe ndani ya kwato, na huo humtesa kuliko wembamba wowote.

Kama alikaa muda mrefu bila kula kabisa, usimlishe kwa huruma. Chakula kingi cha ghafla huvuruga madini ya damu na huweza kumuua. Daktari ndiye apange, na kwa kawaida ataanza na lusine (majani ya malisho ya jamii ya kunde, pia huitwa alfalfa) kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku.

Kwa aliyekonda tu, msingi ni nyasi kavu: kwa siku, asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake, yaani kilo 7 hadi 9 kwa farasi wa kilo 450. Asiyeweza kutafuna mpe vidonge vya lusine au machicha ya kiazisukari yasiyo na molasi, yaliyolowekwa mpaka yawe uji mzito. Usiruke kuloweka, kwa sababu chakula kikavu humkwama kooni kwa urahisi. Tumbo la farasi ni dogo kuliko umbo lake linavyodhaniwa, hivyo milo minne au mitano midogo humfaa kuliko miwili mikubwa. Nafaka, ikihitajika, isifike kilo 2 kwa mlo. Mimi napenda zaidi mafuta ya mimea, maana uzito uleule una nguvu zaidi ya mara mbili ya nafaka, bila wanga. Anza na vijiko vichache, panda polepole hadi kikombe kimoja kwa siku, na mwongezee vitamini E. Kila badiliko lichukue siku 7 hadi 14, vijidudu vya utumbo vizoee, la sivyo unamtafutia msokoto wa tumbo.

Mlishe peke yake. Mzee dhaifu hufukuzwa horini na vijana, nawe utadhani amekosa hamu. Wangu alikula vizuri nilipomtenga na kusimama karibu naye.

Usiamini macho. Manyoya mazito huficha mbavu, na tumbo lililojaa nyasi humfanya aonekane mnene. Pitisha kiganja mbavuni na mgongoni kila wiki, kisha pima kwa utepe: mzunguko wa kifua uzidishe kwa wenyewe, zidisha tena kwa urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, gawanya kwa 11,880. Ukipima kwa sentimita, jibu ni kilo. Andika, maana tofauti ya wiki moja ni ndogo mno kuikumbuka.

Mbavu hufunikwa mapema, mgongo hukawia. Huo ni msuli, nao hutaka protini nzuri, kwa mfano mashudu kidogo ya soya, pamoja na matembezi mafupi ya kuongozwa kwa mkono daktari akishakuruhusu. Ukiona wiki kadhaa zinapita anakula vyote na utepe hausogei, acha kuongeza chakula, mwite tena daktari atafute ugonjwa uliobaki.