Kusikia sauti ya Mungu: yangu niliisikia kwenye mfongo

Mkuu mleta uzi, umesema umeokoka miaka tisa, unasali, unafunga, na kila ukikaa na watu wa kanisani kwako mmoja anasema Mungu amesema naye kwa mvua, mwingine kwa ndege aliyetua dirishani, na wewe hujapata hata mnong'ono. Unauliza kama una kasoro, na kama huna, uanzie wapi. Wachangiaji wamekumwagia mistari, na mistari ni mizuri, ila uliomba mtu aseme yaliyomkuta. Mimi nitasema yangu, na mengine ni ya aibu.

Niko Old Moshi, Mlutheri wa kuzaliwa. Naishi kwenye kihamba alichoniachia mzee: migomba, kahawa iliyochoka, ng'ombe mmoja wa ndani, na kipande cha bustani huko chini kwenye mteremko.

Nianze na nilipojidanganya. Mwaka 2014 nilikuwa nautaka mno mradi wa kipanya, yaani basi dogo la abiria. Mke wangu hataki, mimi nataka. Nikamwomba Mungu anipe ishara. Asubuhi ya kwenda kulipa, katikati ya masika, wakati ambao mlima huku unaweza kujificha siku nzima, nikatoka nje nikakuta Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko wazi, nyeupe, haina wingu hata la dawa. Nikasema tayari, amejibu. Nilipiga hata picha. Mwezi wa nane injini ikafa, na mkopo wa kikoba nilikuja kumaliza kuulipa 2017. Mlima haukuniongopea. Mlima ulikuwa unaonekana tu, Moshi nzima ilikuwa inauona asubuhi ile, na wenzangu hawakwenda kununua magari. Tangu hapo, ishara ikikubaliana na jambo nililokwisha kuliamua, naishuku kwanza.

Sasa hii nyingine. Kwa wasio wa huku: mfongo ni mtaro wa maji waliouchimba wazee. Unayachepusha maji mtoni huko juu, unayatembeza ubavuni mwa mlima hadi vihambani. Wengi wanadhani yale maji ni theluji ya Kibo iliyoyeyuka. Sehemu kubwa ni mvua iliyoshikwa na msitu, ndiyo maana wazee walikuwa wakali kwa mtu anayekata mti karibu na chanzo. Mfongo una zamu. Leo wewe, kesho jirani, mwingine anapewa usiku. Siku ya kuusafisha wote mnatoka na majembe, asiyetoka analipa faini.

Ilikuwa Februari, jua kali, nina kabichi ambazo zilikuwa zinaanza kufunga. Zamu yangu ilikuwa imebaki siku tatu. Usiku ule maji yalikuwa ya mama mmoja jirani yangu, mjane, bustani yake iko chini ya yangu. Yeye hakeshi, anafungulia jioni anakwenda kulala. Saa nane nikavaa buti, nikashuka na tochi ya simu mdomoni. Nikaweka kipande cha gogo la mgomba kukatisha mfongo, nikashindilia majani makavu, juu yake udongo kwa jembe, maji yakageuka kuja kwangu. Kazi ya dakika kumi.

Nikasimama kupumzika, na hapo ndipo ilipotokea, kama naweza kuiita kutokea. Ule mlio wa maji uliokuwa unateremka kwenda kwake ukapungua, ukawa kama mtu anayemalizia kunywa, ukakatika. Mkuu, mlio ule nimelala nao tangu utotoni, na sikuwahi kujua kuwa nausikia. Niliujua uliponyamaza. Nikawa nimesimama gizani na jembe, kimya kimekaa upande wa chini, na kichwani mwangu kuna swali moja tu: huyu amekukosea nini?

Haikuwa sauti. Ungekuwa na kinasa sauti pale ungeondoka na vyura. Na wala sikutubu, nisikudanganye. Nilimwagilia hadi saa kumi ndipo nikauzibua, nikarudi kulala.

Ila swali halikuondoka. Nikikamua, lipo. Nikifungua bomba la uani, lipo. Nililijibu kila namna: kabichi zangu ni nyingi, yeye ana mchicha tu, ni usiku mmoja, hata fulani anafanya. Kila jibu lilikuwa sahihi na halikusaidia kitu.

Jumapili ya pili baada ya hapo tukawa kwenye mnada. Wasiojua, kwetu ukileta sadaka ya kitu badala ya fedha, mkungu, maziwa, kuku, inanadiwa nje baada ya ibada na fedha inakwenda kanisani. Mama yule kila mara huleta mafungu ya mchicha, makubwa, watu wanayagombea. Safari ile alileta mayai matano kwenye kibakuli. Mnadi akamtania, "Mama, mchicha wetu uko wapi leo?" Akasema bustani haikupata maji. Alisema vile tu, hakuangalia mtu. Mimi nikapandisha bei. Elfu mbili, elfu tatu, nikafika elfu kumi kwa mayai matano, usharika wote ukanipigia makofi. Nilishika kile kibakuli natetemeka. Usiombe upigiwe makofi ukiwa katika hali ile.

Kesho yake asubuhi nilikata isale pale mpakani nikaenda kwake. Isale, kwa wageni, ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Mchaga akikuletea jani lake anaomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito. Najua kuna wahubiri wanaosema ni upagani. Sitabishana nao hapa, ila naona aliyeumba isale ni yule yule, na jani limepatanisha ndugu wengi ambao semina hazikuwaweza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Na hilo jani mapema yote hii?"

Nikamweleza. Hakushtuka. Akasema, "Nyayo za buti zako nazijua. Nilimwambia Mungu akuambie mwenyewe, maana mimi nikikuambia utapandisha sauti." Akalipokea jani, akaniuliza zamu yangu inayofuata ni lini, akaichukua. Na ile iliyofuata pia akaichukua. Kabichi zangu nusu zilinyauka kwa jua, nikampa ng'ombe.

Unaweza kusema ni dhamira tu, mtu yeyote mwenye malezi angejisikia vibaya. Sina ugomvi na hilo. Lakini mama yule aliomba jambo mahususi, na jambo lile lilikuwa limeshanijia hata kabla hajaomba, nikiwa peke yangu saa nane usiku, kwa maji yaliyonyamaza. Mimi naliita Mungu kusema nami kwa sababu sina neno jingine.

Na hapa nikukumbushe habari ya mlima huu. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Rebmann, akitokea Taita kuja Uchagani, aliona weupe juu ya Kilimanjaro akamuuliza kiongozi wake wa njia ni nini kile. Yule hakuwa na jina la theluji. Akasema ni "baridi". Rebmann alipoandika habari hiyo, kuna wasomi Ulaya waliomcheka, kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta, na wao hawakuwa wamefika. Mimi nampenda sana yule kiongozi. Neno lake halikutosha, lakini alikuwa anaangalia kitu chenyewe. Watu wa kanisani kwako wanaosema "Mungu amesema nami", wengine wako kama yeye, wanatumia neno lililopo. Wengine wako kama mimi na kipanya changu. Usipime imani yako kwa maneno yao.

Halafu ile Zaburi ya 19 waliyokuwekea hapo juu, "Mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu", wote wameishia mstari wa kwanza. Soma wa tatu: "Hakuna lugha wala maneno, sauti yao haisikilikani." Unaona? Unalalamika husikii, na Zaburi yenyewe inakwambia haisikilikani. Endelea kushuka. Inatoka angani, inapita kwenye jua, inaingia kwenye sheria ya Bwana, na ikifika mstari wa 12 imeshaingia chumbani kwa mtu: "Ni nani awezaye kuyatambua makosa yake? Unitakase na mambo ya siri." Niliusoma mstari huo miaka mingi bila kujua kuwa ni wa Zaburi ile ile. Mtu alianza kwa kuangalia nyota akamaliza na mambo yake ya siri. Kwangu ilikuwa mfongo badala ya nyota.

Kwa hiyo swali lako la pili, uanzie wapi. Mimi sina mbinu, nina zoea tu. Asubuhi kabla ya kushika simu nakaa kwenye kigoda nyuma ya banda, dakika kumi hivi. Siombi ishara, nimeshaacha kabisa. Nasikiliza kilichopo: ng'ombe anacheua, kunguru, bodaboda ya kwanza inapandisha. Kisha najiuliza kama kuna mtu ambaye mlio wake umekatika karibu nami, mtu niliyezoea kumsikia na simsikii tena. Mara nyingine jina linakuja. Likija naenda, hata kama sijapata la kusema. Mwaka jana lilikuja la mdogo wangu aliyeko Arusha, tulinuniana kwa ajili ya mipaka. Nilipanda basi siku ile ile, na alinifungulia mlango akiwa na kisirani chake chote, tukala.

Kilichokuja kinyume na Maandiko nakiacha, kilichokuja kunisifu nacho nakiacha.

Na siku nyingi, mkuu, hakuna kitu. Leo nimekaa pale, Kibo imefunikwa, ng'ombe anapiga teke ndoo tupu, jirani redio yake iko juu inatangaza mechi ya jana. Sikupata neno lolote. Nikanyanyuka nikachukua panga nikaenda kukata majani.