Jibu: Makala kurudishwa kabla ya kufika kwa wahakiki

Ndugu, umeuliza kwa nini mhariri amerudisha makala akisema jina lako linaonekana (wahakiki hawatakiwi kujua mwandishi ni nani), ilhali umeshalifuta ukurasa wa kwanza. Jina hubaki ndani ya faili lenyewe. Kwenye Word fungua File, Info, Check for Issues, kisha Inspect Document, uondoe taarifa zote binafsi. Kabla ya hapo, kubali masahihisho yote ya Track Changes (sehemu ya Word inayoonyesha kila badiliko) na ufute maoni ya pembeni, maana kila moja hubeba jina la aliyeliandika. Ndipo ugeuze kuwa PDF. Jina la faili nalo lisikutaje.

Kisha pitia maandishi. "Kama nilivyoonyesha awali (2019)" inakuanika moja kwa moja. Jitaje kama unavyomtaja mtafiti mwingine yeyote. Shukrani, mfadhili na namba ya kibali cha maadili cha chuo chako viwekwe kwenye ukurasa wa jina, unaopakiwa peke yake.

Umeuliza pia kwa nini picha za makala zimefifia: kwa kawaida Word hubana picha hadi 220 ppi (nukta kwa kila inchi) inapohifadhi, na majarida mengi hutaka angalau 300. Usizichomoe humo, pakia faili la awali la picha, la aina ya TIFF.