Sanduku la Mwalimu: Waliotuandikia Walikuwa Akina Nani?

Mwezi uliopita niliandika hapa kwamba mtoto akimaliza kitabu, aulizwe kwanza kilichomkera, mafunzo yaje baadaye. Barua zilizokuja hazikuigusa hoja hiyo hata kidogo. Karibu zote zinauliza kuhusu waandishi wenyewe: walizaliwa wapi, walifaulu shuleni au la, walikuwa wakila nini. Haya basi. Nilitunza maktaba ya shule moja ya wasichana hapa Nakuru kwa miaka 22, na nina tabia mbaya ya kusoma jalada la nyuma kabla ya ukurasa wa kwanza. Mmenikuna panaponiwasha.

*Mwalimu, hujambo? Niko Kidato cha Tatu. Mwalimu wetu wa Kiingereza alinipa 6 kwa 20 katika insha, akaandika kwa wino mwekundu kwamba sina lugha. Nina madaftari mawili ya hadithi ninayoyaficha chini ya godoro. Niendelee au niache? – Mfichaji, Kakamega*

Sijambo, mwanangu. Maktabani kwetu tulikuwa tukipokea masanduku ya vitabu vya msaada kutoka Marekani, vingi vikiwa takataka tupu: vitabu vya kodi, mwongozo wa kufuga mbwa. Katika sanduku moja nikakuta riwaya nyembamba, The Outsiders, ya mtu aitwaye S. E. Hinton. Wasichana wangu walisema huyu ni mwanamume. Ni mwanamke, Susan Eloise, aliyezaliwa 1948 katika mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma. Alianza kuiandika akiwa na miaka 15, baada ya rafiki yake kupigwa na wavulana wa kundi jingine akirudi nyumbani kutoka sinema. Kitabu kilitoka 1967, mwandishi akiwa na miaka 18. Wachapishaji ndio waliopendekeza herufi badala ya jina, wakihofia wahakiki wangedharau hadithi ya magenge ya wavulana iliyotungwa na msichana. Sasa sikiliza hili: mwaka aliokuwa akiiandika riwaya hiyo, somo la utunzi shuleni alipata D.

Usiende kumwonyesha mwalimu wako aya hiyo. Sita yako bado ni sita, na yawezekana hujui kuweka nukta. Hilo ni jambo la kujifunza, si la kufa nalo.

Yuko pia Walter Dean Myers, na huyu ndiye ninayempenda zaidi. Alizaliwa 1937, mama yake akafariki angali mdogo sana, akalelewa Harlem, New York, na Herbert na Florence Dean. Jina Dean kalichukua kwa heshima yao. Alikuwa na tatizo la kutamka, wenzake wakimcheka akisoma mbele ya darasa, naye akiwajibu kwa ngumi. Mwalimu mmoja akamwambia aandike mwenyewe kitu cha kusoma, achague maneno yanayomtoka vizuri mdomoni. Akaanza kutunga mashairi yasiyo na sauti zilizokuwa zikimshinda! Baadaye aliacha shule, akajiunga na jeshi akiwa na miaka 17, na vitabu vikaja baada ya hapo, vingi mno. Baba yule aliyemlea hakuwahi kumwambia neno hata moja kuhusu vitabu vyake, na jambo hilo lilimuuma. Mzee alipokwisha kufa ndipo Myers alipogundua kwamba mzee huyo hakuwa akijua kusoma.

Toa madaftari chini ya godoro, panya wa Kakamega nawajua. Mpe mtu mmoja asiye mwalimu asome, kisha uniandikie amecheka wapi.

*Barbara Kimenye aliyeandika hadithi za Moses alikuwa Mganda? – Msomaji, Molo*

Hapana. Alizaliwa Halifax, Uingereza, 1929, mama Mwingereza na baba mtu wa visiwa vya Karibi. Alisomea uuguzi, akaolewa na mtu wa Bukoba, na baadaye akahamia Uganda, ambako alifanya kazi katika ofisi za Kabaka, mfalme wa Buganda, na kisha magazeti. Kenya nako aliishi na kuandika. Alifariki 2012. Mimi mwenyewe nilipokuwa msichana niliapa kwamba shule ile ya bweni ya mtundu Moses ilikuwa ni ya kwetu imebadilishwa jina, hasa chakula chake.

*Bwenini tumegombana mpaka matroni akazima taa. Wengine wanasema Msanifu Kombo wa riwaya ya Siku Njema ndiye Ken Walibora mwenyewe. Tuamue, Mwalimu. – Wasichana wa bweni, Kitale*

Siye, ila waliosema ndiye hawakukosa kwa umbali. Kombo ni mtoto wa Tanga anayefunga safari ndefu kumtafuta baba asiyemjua, safari inayomfikisha huko huko Kitale kwenu. Walibora, ambaye jina la kuzaliwa lilikuwa Waliaula, hakuwa mtu wa Tanga. Alikulia Trans Nzoia. Alimchukua mtoto wa pwani, ambako Kiswahili husemekana ndiko kwao, akamleta mpaka mlangoni pake yeye, kwenye mahindi na baridi. Kwangu mimi huo ndio utundu wa riwaya ile ya 1996: kijana wa bara akijiandikia ruhusa ya kukimiliki Kiswahili. Baadaye alikuwa mtangazaji, akaenda Marekani kusomea uzamifu katika chuo kikuu cha Ohio State. Anayetaka maisha yake yenyewe atafute Nasikia Sauti ya Mama, ya 2014. Basi lilimgonga Nairobi mwezi Aprili 2020, na siku habari zilipothibitishwa nilikaa na nakala yangu ya Siku Njema mapajani, ile niliyoishona mgongo kwa uzi wa gunia kwa sababu ya kuazimwa kupita kiasi.

*Mwalimu, kila mwandishi unayemtaja ni wa mbali. Hapa Kisumu hakuna aliyewahi kuwaandikia vijana? – Binti wa Kondele*

Swali hili limenitia aibu, maana lilinipasa nianze nalo.

Yupo Asenath Bole Odaga. Alizaliwa 1937 Rarieda, akasomea ualimu, akafundisha Butere Girls, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akawa mwalimu mkuu wa Nyakach Girls. Yaani kabla ya uhuru, akiwa bado hajatimiza miaka 25, alikuwa akiongoza shule ya wasichana. Kitabu chake Jande's Ambition kilitoka 1966 na kinahusu msichana wa kijijini anayetaka kusoma. Unaona alikokitoa. Hakuhitaji kubuni watoto, walikuwa wakipanga foleni mbele yake kila asubuhi gwarideni.

Linalonifurahisha zaidi ni alilofanya baadaye. Alirudi kusoma Chuo Kikuu cha Nairobi akiwa mtu mzima, kisha 1982 akaanzisha kampuni yake ya uchapishaji hapo hapo Kisumu, Lake Publishers. Wakati huo, kama leo, aliyetaka kuchapishwa alipanda basi kwenda Nairobi akakae kwenye benchi la mhariri. Yeye alichapisha kwa Kiingereza na kwa Dholuo, akawa pia na duka la vitabu liitwalo Thu Tinda, maneno ambayo wasimulizi wa Kijaluo humalizia ngano. Alifariki 2014.

Na wa pili ni Marjorie Oludhe Macgoye, aliyezaliwa Southampton, Uingereza, 1928. Alikuja Kenya 1954 kuuza vitabu vya misheni, akaolewa 1960 na daktari Mjaluo, akaishi Kisumu na kujifunza lugha ya watu. Wengi wanamjua kwa Coming to Birth, ila kabla ya hapo, 1971, aliwaandikia wasichana Growing Up at Lina School. Ukienda Kibuye siku ya Jumapili, pita kwa wauza vitabu vya mitumba, uchimbe chini kabisa ya rundo. Vitabu vya watu hawa havikai juu.

*Binti yangu amerudi na Blossoms of the Savannah. Baba yake anauliza mwanamume mzee alijuaje mambo ya wasichana. Mimi sina jibu. – Mama wa wawili, Section 58, Nakuru*

Dada yangu, mwambie baba watoto kwamba mwandishi wake, Henry ole Kulet, alikuwa jirani yake. Alizaliwa upande wa Narok lakini Nakuru hapa ndipo alipoishi, na alifariki Februari 2021. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1971, hii ya dada wawili, Resian na Taiyo, 2008, kwa hiyo alikwisha kuandika miaka zaidi ya 30 kabla ya kuthubutu kuingia chumbani kwa mabinti wale. Wanahama Nakuru kwenda Nasila, na huko wanakabiliwa na ukeketaji na ndoa za kulazimishwa, ilhali Resian anachotaka ni kwenda Chuo Kikuu cha Egerton tu. Kutoka kwako hadi Egerton ni matatu moja ya Njoro.

Alijuaje? Mimi nilikisoma kwa shaka kama ya mumeo, na bado naona wasichana wale huongea kirefu kuliko binti yeyote niliyewahi kumfundisha. Lakini mwanafunzi wangu mmoja aliniambia ile hofu ya Resian mbele ya baba yake imeandikwa kama iliyo, hadi namna ya kushika kikombe. Mpe mumeo asome kwanza, binti asubiri.

*Mwandishi anaweza kupigiwa simu? – Kijana, Bungoma*

Kuna aliyepigiwa. Robert Cormier alikuwa mwandishi wa magazeti aliyeishi maisha yake yote Leominster, mji mdogo wa Massachusetts. Riwaya yake The Chocolate War, ya 1974, ilitokana na mwanawe kukataa kuuza chokoleti za kuchangia shule. Katika I Am the Cheese, ya 1977, alihitaji namba ya simu ya msichana aitwaye Amy, akaweka ya nyumbani kwake. Vijana wakaanza kupiga, wakimtaka Amy. Mzee akawa anajibu kama baba yake Amy, na binti yake akiwa karibu humpa simu aendeleze mchezo.

Waandishi wetu wengi wanapatikana kupitia wachapishaji wao. Andika barua, weka na stempu ya kujibiwa. Namba yangu mimi haimo humu, na binti zangu wote wameolewa.