Ukoko wa Tutaonana: wimbo wa kumkumbuka mbwa wako hautafutwi YouTube

Kamwene, wapendwa.

Jumanne iliyopita nilipata ujumbe wa msomaji wa Makambako. Paka wake wa miaka tisa amekufa, ameshamzika nyuma ya jiko, na sasa anataka kutengeneza video fupi ya picha zake. Akauliza: "Dada, niweke wimbo gani wa huzuni? Wewe si uliwahi kuandika kwamba ulifiwa na mbwa?"

Niliandika mistari miwili tu, mdogo wangu, nikaifuta jioni ile ile. Kumbe kuna mliowahi kuisoma. Basi leo naandika yote, na ukinikuta nimewaka mahali fulani, vumilia. Bado kuna vitu havijaniisha moyoni.

Mbwa wangu aliitwa Tutaonana. Jina si langu. Babu yangu mzaa mama alikuwa na shamba la nyanya Ilula, pale barabara kuu inapopita katikati ya matenga ya nyanya na magunia ya vitunguu. Mwaka 2013 aligombana na jirani yake kwa ajili ya mpaka, hatua nne za miguu, wakapelekana barazani, babu akashindwa. Alirudi nyumbani kimya. Kesho yake akashuka sokoni, akarudi na kitoto cha mbwa ndani ya ndoo, rangi yake kama udongo wa shambani, sikio moja limesimama na jingine limelala. Akaenda nacho mpaka kwenye ua wa upande wa jirani, akaita kwa sauti ya kuitia mkutano: "Tutaonana! Tutaonana, njoo hapa!"

Kama umekulia kijijini unaujua mchezo huu. Mbwa hapewi jina lake, anapewa yale maneno ambayo mwenye mbwa hawezi kumwambia mtu usoni. Nimeshakutana na Watasema, nimekutana na Mtachoka, na hapa Kihesa kuna mmoja anaitwa Roho Mbaya, mpole kuliko mwenye nyumba. Jirani yetu naye hakulala. Hazikupita wiki mbili akaleta mbwa wake, akamwita Karibu. Ikawa kila jua likielekea kuzama, upande huu "Tutaonana!", upande ule "Karibu!", wazee wawili wazima wanatishana kwa migongo ya mbwa, na mbwa wenyewe wako chini ya ua wananusana.

Jina hilo mchana lilikuwa la vita. Usiku lilikuwa kitu kingine.

Bibi alikuwa ametangulia miaka mingi, kwa hiyo babu alijipikia. Akimaliza kula alikaa kwenye kigoda, anabana sufuria kwa nyayo zake mbili, anashika mwiko na kuanza kukwangua ukoko. Ukoko wa babu haukuwa wa kubahatisha. Aliuacha kwenye makaa mpaka ujikunje pembeni, ukibanduka unabanduka mzima kama kigae. Tutaonana anakaa mbele yake, miguu ya mbele ameikusanya, mkia unafagia majivu kushoto na kulia. Na babu anaimba, akifuata mwiko:

Tutaonana, kwe kwe kwe,
wa juu tumekula sie,
wa chini ni wako wewe,
Karibu asinuse yeye.

Basi. Hauna ubeti wa pili. Nimeusikia kila likizo, kila nilipokwenda kumsalimia, na sikuwahi kuuhesabu kuwa wimbo. Nilikuwa mwanakwaya, sauti ya pili, nilijua nyimbo ni zile zenye daftari.

Babu alifariki mwaka 2019. Siku ya maziko watu wameshaanza kurudi kwenye turubai, mimi nikarudi kuchukua kanga yangu, nikamkuta jirani yule yuko peke yake kaburini. Mbwa alikuwa amelala juu ya udongo mbichi. Mzee akachuchumaa, akasema, "Tutaonana. Tutaonana." Mara mbili, taratibu. Sijui kama alikuwa anamwita mbwa.

Nikamchukua mbwa, nikaja naye Iringa mjini. Konda alinitoza nauli ya watu wawili na bado akauliza mbele ya abiria, "Huyu ni abiria au ni mboga?" Gari zima likacheka. Mimi ni Mhehe, utani wa Mhehe na mbwa, kwamba eti tunawala, nimeusikia tangu sijaota meno, na siku nyingine nacheka kabla ya mwenye utani hajamaliza. Siku ile sikucheka. Tulipanda kutoka Ipogolo kuja mjini nimemshika sikio, lile lililolala.

Miaka mitano ya kuishi naye Kihesa naipita. Alilinda, alikula, alimfundisha mwanangu kutembea kwa kushika mgongo wake. Chanjo ya kichaa cha mbwa alipata kila mwaka, hapo sikukosea. Nilichozembea ni kupe. Julai 2024, baridi ile ya kutoa moshi mdomoni, akaacha kula, fizi zikapauka, mkojo ukawa mwekundu kama chai ya rangi. Nilikwenda duka moja la dawa za mifugo, nikaeleza hivyo hivyo, muuzaji akanipa dawa ya minyoo bila hata kuuliza swali la pili. Baadaye daktari wa mifugo aliniambia mkojo wa namna ile kwa mbwa mara nyingi ni ugonjwa unaoletwa na kupe, na kwamba una dawa, ila ukiwahiwa. Aliniambia hayo mbwa ameshazikwa. Nilimfunga kwenye koti la babu alilokuwa akilalia, nikamchimbia chini ya mparachichi, shimo la kunifika kiunoni ili mbwa wengine wasije kumfukua.

Sasa nyimbo.

Jioni ile nilifanya kile unachotaka kufanya wewe wa Makambako. Nilikusanya picha kumi na mbili, nikaweka chini yake wimbo wa kwaya yetu, ule tunaouimba tukimwaga udongo kaburini, nikatupia kwenye status. Niliona inafaa: mbwa anaitwa Tutaonana, wimbo unasema habari za kuonana tena. Kabla ya saa nne usiku nilikuwa nimeshapata majibu. Mmoja, tena tumesoma naye: "Pole, mboga imeharibika." Mwingine alituma picha ya sufuria. Hao niliwasamehe, ni watani. Ambao sijui kama nimewasamehe ni wa kwaya yangu. Niliitwa kikao. Nikaambiwa nimemlinganisha mnyama na watakatifu, nikaambiwa "pumzika kidogo, dada." Kidogo hicho kilikuwa miezi minne. Watu niliowapikia misibani, niliolala nao kwenye mikeka. Kiongozi mmoja alisema mbwa na wimbo ni vitu visivyokutana.

Nilikuwa sina jibu siku ile. Ninalo leo. Waliokuwa na santuri za zamani nyumbani wanaikumbuka ile nembo ya mbwa mweupe mwenye masikio meusi, ameinamisha kichwa mbele ya gramafoni. Mbwa yule alikuwepo kweli. Aliitwa Nipper, wa Uingereza, na mchoraji Francis Barraud alimpata baada ya ndugu yake, aliyekuwa mwenye mbwa, kufariki. Nipper akafa mwaka 1895. Picha ile Barraud aliichora mbwa akiwa ameshakufa miaka kadhaa, kwa kumkumbuka tu jinsi alivyokuwa akitega sikio kwenye mashine ya sauti. Wakubwa zangu, hiyo ni kumbukumbu ya mfiwa! Na ni kampuni yenye nembo hiyo hiyo iliyomrekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928, sauti ya kwetu ikarudi Zanzibar kwenye santuri. Paul McCartney wa The Beatles mwaka 1968 alitoa wimbo wenye jina la mbwa wake, Martha. Mmasai anamwimbia ng'ombe wake kila siku na hakuna anayemwita kikao. Mbwa na wimbo havikutani wapi?

Nimewaka. Turudi.

Baada ya kikao nikaona kama wimbo wa Mungu haufai, basi nitafute wa dunia. Nikapakua bongo fleva moja ya kilio, kinanda kinalia kabisa, nikauweka kwenye zile picha, nikalala nausikiliza. Nililia sana. Siku ya tatu nikagundua simlilii mbwa, namlilia baba wa mwanangu. Wimbo wa mtu aliyeachwa utakukumbusha aliyekuacha, hata ukiwekea picha ya mbwa mia.

Niliutupa huo nao, nikakaa bila wimbo mpaka Novemba.

Siku hiyo nilipika ugali jioni, simu iko mbali, mwanangu anafanya kazi ya shule mezani. Nikabana sufuria, nikaanza kukwangua. Sikuwaza chochote. Nilishtuka mtoto ameinua kichwa anaangalia mlangoni. Mlango wa uani, upande wa chini kabisa, pale pua ya Tutaonana ilipokuwa ikitokea. Ndipo nikasikia kwamba nilikuwa naimba.

Wa juu tumekula sie.

Mtoto akasema, "Mama, umemwita."

Ushauri wangu ndio huo, sina mwingine mkubwa: usitafute wimbo unaomfaa marehemu wako, chukua ule alioujua. Mbwa hakujua wimbo wa kwaya. Hakujua bongo fleva. Alijua mwiko kwenye sufuria na sauti ya babu, na akiwa shambani kabisa, mbali ambako mimi binadamu nisingesikia kitu, alikuja akikimbia. Kila mnyama aliyewahi kupendwa ana wimbo wake, tatizo tunautafuta kwenye simu wakati uko jikoni.

La pili ni lile la kwanza nikilirudia kwa namna nyingine: usiupambe. Mimi niliupamba. Desemba nilikwenda kwenye studio moja ya mtaani, nikalipa elfu hamsini. Kijana alinisikiliza vizuri, akatikisa kichwa, akasema, "Aunt, hii tukiiweka biti inatoboa." Akaweka biti. Akasafisha sauti yangu mpaka ikawa ya msichana wa miaka kumi na saba aliyemeza filimbi. Kwe kwe kwe akaitengeneza kwa kompyuta. Nilimsikilizisha mwanangu, akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu, hakuangalia mlangoni.

Nikarudi jikoni. Nikaweka simu juu ya debe la unga, nikapika ugali wa kweli wa kuacha ukoko wa kweli, nikakwangua, nikaimba mara tatu. Sekunde hamsini na moja. Kuna mahali nimekohoa na kuna mahali jogoo wa jirani ameingilia. Huo ndio nilionao, na huo nimewatumia ndugu zangu wote. Mjomba wangu, mtu asiyejibu hata salamu za sikukuu, alinipigia kutoka Mafinga, hakusema kitu, nikasikia tu anakwangua sufuria. Watoto wa mtaani kwetu sasa wanauimba bila kujua Tutaonana ni nani, wakiwa wanagombea ukoko. Nisiposema najivunia nitakuwa naongopa. Kwaya ile, pamoja na madaftari yake, haina wimbo unaoimbwa na watoto wa mtaa mzima.

La tatu: rekodi mapema. Kama mbwa wako yuko hai, kama mama yako yuko hai na ndiye anayemwita paka kwa mlio wake ule wa ajabu, washa simu leo. Mimi wimbo ninao, sauti ya babu sina. Ningetoa zile elfu hamsini mara ishirini kwa sekunde kumi za babu akisema "Karibu asinuse yeye."

Na ninyi mnaocheka mtu akimlilia mnyama, niwaambie. Mnyama aliyekaa kwenye nyumba miaka kumi na moja ameona mazishi yenu, harusi zenu, ugomvi wenu wa usiku na njaa zenu, na hakutoa siri hata moja nje. Mtaje binadamu mmoja wa namna hiyo ukooni kwenu. Acheni watu walie. Anayemlilia mbwa wake leo ndiye atakayekaa na wewe wodini kesho, na yule wa "mboga imeharibika" atakutumia picha ya sufuria. Mche Mungu kwa kuheshimu alichokiumba, usisubiri utangaziwe kanisani.

Nilirudi kwaya, kwa wanaouliza. Nakaa mstari wa nyuma.

Mwezi uliopita nilikwenda Ilula kulipalilia kaburi la babu. Jirani bado yupo, amezeeka, Karibu wake alishakufa kabla ya wangu. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu." Nikamsikilizisha zile sekunde hamsini na moja. Ulipofika mstari wa mwisho akacheka mpaka akashika mbavu. "Miaka yote ile," akasema, "kumbe alikuwa ananitaja na usiku." Kisha akaomba nirudie.

Sasa wewe wa Makambako. Hukuniambia jina la paka wako, na hukuniambia ulikuwa unamwitaje saa ya dagaa. Najua kuna mlio. Kuna mfuko unaochakarika, kuna sahani ya bati, kuna neno fulani unalolivuta ukilisema mbele yake tu. Usiniandikie. Bonyeza kile kipaza sauti, unitumie.